Vijiti Viwili vya Sura ya Saba

Mkaza mwana wangu ana tabia moja iliyonikera tangu siku ya kwanza alipoletwa nyumbani. Haamini jambo mpaka alijaribu kwanza kwa kipimo kidogo. Nilimwandalia chai, nikamwambia sukari ni vijiko viwili, naye akaonja kidogo kwa ncha ya kijiko kabla ya kuinua kikombe. Nilimtazama mume wangu nikitaka aone ninachokiona. Yeye alikuwa anacheka.

"Huyu ndiye," aliniambia wageni walipoondoka. "Huyu atanisaidia kazi."

"Ameletwa kuolewa na mwanao, si kukusaidia kazi."

"Vyote viwili, Mwalimu. Vyote viwili kwa pamoja."

Aliniita Mwalimu miaka yote ya ndoa yetu, kwa kuwa nilifundisha hisabati sekondari miaka thelathini na mmoja. Yeye alifundisha chuoni, na kila mtu alimwita Profesa hata kabla hajawa. Sisi ni watu wa jina. Sisemi hivyo kwa majivuno. Nasema kwa sababu bila hilo sitaeleweka kwa nililolifanya.

Huyu binti hakutoka nyumba ya jina. Baba yake alikuwa fundi cherehani katika chumba cha mlango mmoja, na yeye alijifunza kuhesabu kwa utepe wa kupimia, akikaa chini ya meza ya kukatia vitambaa. Ndiyo maana mpaka leo akifikiri hukunja kona ya gauni lake na kuikunjua, kama anatafuta mshono. Alisoma kwa juhudi zake. Nilipoambiwa mwanangu amempata, sikuficha kwamba nilikuwa na mwingine moyoni. Mwanangu ni mpima ardhi, wiki tatu kati ya nne yuko porini na vyombo vyake, kwa hiyo aliyebaki kuishi naye chini ya dari moja nilikuwa mimi.

Chuoni wanafunzi wamempachika jina la Bi Thibitisha. Mwanafunzi akimletea jibu, hata liwe sahihi, yeye husema "thibitisha" na kurudi kwenye karatasi zake. Ofisi yake iko ghorofa ya pili, meza mbili zimebanana, dirisha halifungi vizuri, na feni ya dari inapiga kelele hivi kwamba wageni hujikuta wanapaza sauti bila kukusudia. Katika meza ile ya ukutani alikaa mume wangu. Katika ile ya dirishani alikaa yeye. Walikaa hivyo miaka sita, baba mkwe na mkwe, na nakiri kuna siku nilimwonea wivu, si kwa ubaya, bali kwa kuwa walicheka mambo ambayo mimi nilihitaji kuelezwa.

Kazi yao nitaieleza kama yeye alivyonieleza, mezani pangu, kwa vifungo vya shati. Alipanga vifungo kwa mstari. Akasema, Mama, hivi ni vyumba, na mtembeaji anasimama chumba cha katikati. Anarusha sarafu. Ikilala hivi anakwenda kulia, ikilala vile anakwenda kushoto. Akirudia mara nyingi utamkuta karibu na alipoanzia, kama mlevi anayetafuta mlango wake. Hayo ni matembezi ya kawaida. Katika matembezi ya kwanta, yale ya chembe ndogo kabisa za maada, sarafu haiamui. Mtembeaji anakwenda kulia na kushoto kwa pamoja, na kila njia inabeba namba yake. Namba hizo zinaweza kuwa hasi. Njia mbili zikikutana katika chumba kimoja namba zinajumlishwa, na chanya ikikutana na hasi zinafutana, chumba kinabaki kitupu ingawa njia zote zimepita humo. Kwa hiyo mtembeaji huyu hakai katikati. Hukimbilia pembeni.

"Hata mimi nilikuwa hivyo nilipoolewa humu," aliongeza, akikusanya vifungo. "Napita kila chumba, sionekani chumba chochote."

Nilijifanya sikusikia.

Matembezi hayo waliyafuata kwa kompyuta, kwa programu inayokokotoa kwa alama. Kompyuta ya kawaida hugeuza kila kitu kuwa desimali. Hii ukiiandikia kipeuo cha pili cha mbili, inakiacha hivyo hivyo. Ukiipa herufi, inaibeba mpaka mwisho, kisha inakurudishia kanuni nzima, kama tulivyofanya sisi ubaoni kwa chaki, ila yenyewe haichoki. Ina jambo moja tu la kuangalia. Ukiiuliza kipeuo cha pili cha herufi s iliyozidishwa kwa s, haikupi s. Inasita. Inataka kwanza kujua s ni namba ya aina gani, kwa sababu s ikiwa hasi, jibu sahihi ni s iliyovuliwa alama yake ya kutoa. Kwa hilo huandikwa s kati ya vijiti viwili vilivyosimama. Lakini ukiiambia mwanzoni mwa faili kwamba s ni chanya, programu inakuamini, inaacha vijiti, na haikuulizi tena.

Mume wangu alifariki kabla hajakichapisha kitabu chake. Kompyuta yake mpakato niliifungia katika chumba chake cha kusomea pamoja na miwani na viatu vyake, na sikuruhusu iguswe. Nilichompa mkwe wangu ni karatasi, mswada ambao marehemu aliupiga chapa mwenyewe, sura kumi na moja. Alizipanga kwa miaka miwili, akirudi kazini na kukaa nazo mezani mpaka vyombo vya chakula vinamzunguka. Kitabu kilitoka. Jina la mume wangu liko juu ya jalada. La mhariri liko ndani, ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo. Mimi ndiye niliyesema ziwe ndogo.

Mwaka mmoja haukupita, idara ikapata barua kutoka kwa msomaji wa mbali. Aliandika kwa adabu. Alisema amechukua kanuni ya sura ya saba, ile inayotoa umbali wa mtembeaji, akaipa sarafu iliyoinamia upande wa pili, s inayopima kuinama huko ikawa nusu hasi, na amepata kwamba mtembeaji akipiga hatua kumi anafika chumba cha kumi na mbili. Angependa kujua anafikaje.

Mkuu wa idara alikuwa mwanafunzi wa mume wangu. Aliitisha kamati, na kamati haikuchukua muda. Profesa hawezi kukosea jambo la darasa la kwanza namna hiyo. Bila shaka aliandika vijiti viwili, na mhariri, katika kupanga upya, akaviacha. Mkwe wangu alitakiwa aandike barua ya kukiri kwamba kosa ni lake, ichapishwe pamoja na sahihisho. Na mkataba wake wa kufundisha ulikuwa unaisha mwezi huohuo. Kamati iliyotaka barua ndiyo iliyopaswa kuamua kama ataendelea. Hakuna aliyemwambia kwamba mhadhiri aliyeharibu kitabu cha Profesa hataongezewa mkataba. Hakukuwa na haja.

Siku aliyoambiwa hayo, Jumatatu, alirudi nyumbani akanikuta sebuleni na wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye huja bila kupiga simu na huondoka baada ya kupewa chakula. Alisalimia, akakaa kwenye kiti cha pembeni, akaeleza yote bila kupunguza neno. Kisha akasema, "Mama, naomba ufunguo wa chumba cha Baba. Nataka faili la sura ya saba. Karatasi ulizonipa hazikuwa na vijiti. Faili litaonyesha."

"Litaonyesha nini?"

"Lilivyo."

Wifi akaweka kikombe chini. "Mimi nilisema. Binti wa cherehani atashona mpaka visivyoshoneka."

"Shangazi, hapa hakuna kushona," alisema mkwe wangu. "Hapa ni kufumua."

"Unamsikia? Unamsikia anavyonijibu?"

"Namsikia, wifi, kunywa chai," nikasema. Nikamgeukia mkwe wangu. "Andika hiyo barua."

"Mama?"

"Wewe bado kijana. Watasema, watasahau. Marehemu hana namna ya kujitetea."

"Anakutegemea wewe umtetee, na unamtetea vizuri. Mimi nani ananitetea?"

"Ulikagua sura hiyo au hukuikagua?"

Alikunja kona ya gauni lake. "Zile kumi nyingine zote nilizikagua kwa mkono, hatua tatu tatu za mwanzo. Ya saba sikuijaribu upande wa hasi. Ilikuwa ile ya mhadhara wake wa uprofesa. Niliona ni utovu wa adabu."

"Basi kosa ni lako."

"Hilo ni langu, nitaliandika. Vijiti si vyangu."

Sikumpa ufunguo. Lakini asubuhi yake, alipokwenda kazini, nilichukua penseli. Sihitaji kompyuta kujua moja na nusu. Kanuni ya kitabuni inasema moja, toa s, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa idadi ya hatua. Moja ukitoa nusu hasi ni moja na nusu. Kipeuo chake cha pili ni moja nukta mbili mbili. Hatua kumi, chumba cha kumi na mbili na zaidi. Msomaji wa mbali alisema kweli. Nikaweka vijiti, nikapata chumba cha saba, mahali ambapo mtu aliyepiga hatua kumi anaweza kuwa. Niliitazama ile karatasi nikasema, mume wangu hakuacha hivi vijiti. Nilimjua. Alikuwa akinisahihishia nukta kwenye barua za harusi.

Kwa hiyo Jumatano jioni nilimfungulia mlango. Sikumfungulia kwa huruma. Nilikuwa na hakika kwamba faili litamwonyesha yeye mkosaji, na hapo ataandika barua bila kunilaumu.

Chumba kilikuwa na harufu ya karatasi. Tulifuta vumbi, tukachomeka waya, tukasubiri. Alilifungua faili mimi nimesimama nyuma yake. Mstari wa tatu uliieleza programu kwamba s ni chanya. Chini yake kanuni zilifuatana, ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna kijiti hata kimoja.

Hakugeuka kunitazama, na hilo nililishukuru. Lakini aliendelea kutazama kioo, kidole chake kikiwa kimesimama karibu na mstari wa nne. Mume wangu alikuwa na desturi ya kujiandikia maneno ndani ya mafaili, kwa alama inayoiambia programu iyapite bila kuyasoma. Mstari wa nne ulikuwa wa maneno, na mbele yake tarehe.

Upande wa hasi inavunjika. Nirudi hapa.

Nilijua tarehe ile ilikuwa lini. Miezi minane baada yake alisimama katika ukumbi mkubwa wa chuo akatoa mhadhara wa kuupokea uprofesa, na kanuni aliyoiandika ubaoni ilikuwa hiyo. Nilikaa safu ya mbele kwa vazi jipya. Mtu mmoja wa nyuma aliuliza, na upande wa hasi je? Akajibu, ni vilevile, ukigeuza kioo unaona uso uleule. Ukumbi ukacheka, nami nikacheka kwa fahari.

Kukosea ni jambo moja. Nimewasahihisha watu maisha yangu yote na sijamdharau mtu kwa kosa. Lakini aliyeandika mstari ule alijua, kisha akaulizwa mbele za watu.

"Mstari huo uondoke," nikasema. "Ule wa tatu unatosha kukusafisha. Wataona alisema s ni chanya. Wataona hukuacha vijiti wewe."

"Siugusi, Mama. Faili liende lilivyo."

"Neno moja tu."

"Siligusi." Akafunga kompyuta, akanirudishia ufunguo mkononi. "Ijumaa asubuhi nitakuja kulinakili. Kamati inakaa saa nne."

Niliona ni ukaidi. Niliona anataka kulipiza, kwamba baada ya herufi ndogo na maneno ya wifi yangu amepata mahali pa kunishika. Alhamisi alasiri, yeye akiwa darasani, niliingia peke yangu. Programu ile naijua kiasi, mume wangu aliniwekea ili nitungie mitihani. Nilifungua faili, nikasimamisha alama mwishoni mwa mstari wa nne, nikafuta herufi moja moja kurudi nyuma mpaka tarehe nayo ikaisha. Programu ikaniuliza kama nataka kuhifadhi. Nikakubali.

Ijumaa alikuja kunakili kabla ya kwenda. Alichomeka flashi yake ndogo ya kubebea mafaili, akabofya, kisha akakaa akitazama kioo kwa muda ambao niliona ni mrefu. Akanitazama mimi. Akachomoa, akatia mkobani, akasema, "Haya, Mama, tutaonana mchana."

Mchana aliporudi alivua viatu mlangoni, akavipanga, akaja jikoni nilikokuwa.

"Wameuliza kwa nini faili la mtu aliyefariki miaka minne iliyopita limebadilishwa jana saa tisa na dakika kumi na mbili."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Niliendelea kuushika. Mimi niliyefundisha watoto wa watu kuonyesha njia, nisiwaze kwamba mashine nayo huonyesha njia.

"Ukasemaje?"

"Nimesema sina maelezo."

"Jana saa tisa ulikuwa darasani."

"Na wanafunzi arobaini. Ningewaambia hivyo, wangeuliza basi ni nani." Alifungua bomba akanawa mikono. "Wanasema sasa si kosa la uhariri tena. Wanasema nimetengeneza ushahidi dhidi ya marehemu. Wamenipa mpaka Jumatatu saa sita mchana niwasilishe barua iliyosainiwa. Nisipowasilisha, suala linapelekwa juu."

"Na ukiwasilisha?"

"Sina kazi. Lakini yanaishia idarani." Alijipangusa mikono, akaangalia sufuria. "Inashika chini, Mama."

Siku zile tatu hakunibadilikia, na hilo ndilo lililonitesa. Kila asubuhi "shikamoo, Mama", kwa sauti ileile. Jumamosi alisahihisha mitihani mezani, kalamu nyekundu upande huu, karatasi upande ule, na mara mbili nilimsikia akinong'ona "thibitisha" peke yake. Jumapili alifua mapazia. Kila nilipopita nilikusudia kumwambia, nikaishia kumuuliza kama anataka chai.

Mwanangu alipiga simu kutoka porini. Mtandao ulikatika katika kila sentensi. "Mama, mwambie asaini tu yaishe. Jina la Baba libaki. Yeye nitamtafutia kazi nyingine."

"Umeongea naye?"

"Nimeongea. Ananiambia niongee na wewe. Kwani kuna nini hapo?"

"Hakuna," nikasema. Nilimdanganya mtoto wangu kwa neno moja, kirahisi, na nikajisikia nimekaa palepale mume wangu alipokuwa amesimama ukumbini.

Jumatatu aliondoka kama kawaida. Mimi nilivaa, nikavua, nikavaa tena. Nilichukua kompyuta katika mkoba wa ngozi wa marehemu, nikakodi teksi. Ngazi za idara nilizipanda polepole, nikipita picha zilizopangwa ukutani, yake ikiwa ya nne. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano, bahasha mapajani. Aliponiona alisimama, nami nilipita nikagonga mlango.

Walikuwa watatu na mkuu wa idara. Alinyanyuka haraka. "Mama, karibu. Jamani, kwa nini umejisumbua? Ungetuma mtu."

"Sina wa kumtuma. Nimekuja kusema kwamba faili nililibadilisha mimi. Alhamisi, saa tisa na dakika kumi na mbili."

Waliangaliana. Mmoja akasema kwa upole wa kutisha, ule wa kuongea na wajane, "Mama, tunaelewa unavyompenda mkweo."

"Sijasema nampenda. Nimesema nilifuta mstari wa nne." Nikawaambia maneno yaliyokuwamo na tarehe yake. Kuyasema kwa sauti, ndani ya jengo lile, kulikuwa kama kumvua mtu nguo akiwa amelala.

Kisha mkuu wa idara akasema kwamba kwa heshima zote, hayo ni maneno matupu, mstari haupo. Wakamwita fundi wa kompyuta wa idara, kijana mnene aliyekuja akitafuna kitu. Aliifungua, akauliza, "Ulihifadhi kwa programu hii hii, Mama?"

"Hiyo hiyo."

"Basi lipo. Programu hii kabla ya kuhifadhi jipya, la zamani inaliweka pembeni, kwenye folda iliyofichwa." Alibofya mara tatu. "Hili hapa. Halijaguswa tangu enzi za Profesa."

"Mbona Ijumaa hukusema?" aliuliza mkuu wa idara.

"Ijumaa mlinipa flashi, mzee. Folda hii haitoki kwenye mashine. Halafu," alisema akishangaa kwamba anaulizwa, "nilidhani Bi Thibitisha kawaambia. Yeye ndiye aliyenionyesha mimi hii folda mwaka juzi, nilipompotezea mitihani yake."

Niliisikia sentensi hiyo, na kwa muda sikusikia zilizofuata. Faili lilikuwa limefunguka ukutani, kubwa, kwa ile mashine yao ya kuonyeshea. Mstari wa tatu. Mstari wa nne. Mkuu wa idara alivua miwani akaishika kwa mikono miwili.

"Nilimuuliza mimi," alisema. "Siku ya mhadhara. Nilikuwa nyuma kabisa. Watu walinicheka mwaka mzima."

Waliniomba nisubiri nje, wakamwita mkwe wangu, kisha wakaniita tena. Mkataba wake watauongeza, kwa mwaka mmoja badala ya mitatu, kwa kuwa hakuijaribu sura ya saba kabla ya kuichapisha, na yeye mwenyewe alisema hiyo ni haki. Sahihisho litachapishwa na ataliandika yeye. Mkuu wa idara aliniuliza, bila kunitazama, kama mstari wa nne utajwe. Nilimwambia utajwe. Mhadhara wa kila mwaka unaobeba jina la mume wangu mwaka huu hautafanyika. Walisema umeahirishwa. Nimekaa kwenye kamati za kutosha kujua maana yake.

Wifi yangu alisikia kabla jua halijazama na hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo. Mwanangu alipiga simu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema "sawa, Mama", akakata. Sijui bado ni sawa ya namna gani.

Tulishuka ngazi pamoja siku ile, mimi na mkwe wangu, yeye amebeba mkoba wa ngozi. Katika kona ya ngazi nilimshika mkono asimame.

"Ulijua nakala ipo."

"Nilijua."

"Tangu Ijumaa asubuhi, ulipokuwa unatazama kioo."

"Nilipoona saa iliyoandikwa kwenye faili, ndiyo."

"Ungelichukua lile la zamani. Ungeshinda pale pale."

"Faili ni lako, Mama. Nilipeleka ulichonipa." Alihamishia mkoba mkono mwingine. "Ningewashinda kwa siri yako, halafu nirudi nyumbani tukae meza moja? Wewe ungenitazamaje? Mimi ningekutazamaje?"

"Na kama nisingekuja?"

Alinipa ile bahasha. Haikuwa imefungwa. Nilitoa barua nikaisoma pale pale ukutani, mistari saba ya kukiri kosa ambalo si lake, na chini saini yake, na tarehe. Ilikuwa ya Ijumaa.

"Hii umeisaini Ijumaa."

"Kabla sijarudi nyumbani. Kwenye benchi lile lile."

"Basi kwa nini hukuwapa siku hiyo hiyo?"

"Walisema mwisho ni saa sita ya Jumatatu," alisema mkwe wangu. "Nikaisubiri saa sita."